Unaaga, huombi ruhusa: kuacha kazi kwenye eikaiwa ndogo Japani

Swali: "Shikamoo dada. Mimi ni mtu wa Mombasa, nina digrii ya ualimu, niliingia Japani Aprili mwaka jana kufundisha Kiingereza kwenye shule ndogo ya mazungumzo, hizi wanazoita eikaiwa, mji mdogo nje ya Nagoya. Wenye shule ni mume na mke, mwalimu mgeni ni mimi peke yangu. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, uliisha Machi, bosi akasema tunaendelea tu, sijasaini kitu kingine. Nimechoka dada. Likizo hakuna, Jumapili naitwa kugawa vipeperushi stesheni bila malipo. Nimepata kazi nyingine kupitia kampuni, kufundisha shule za msingi za serikali, wanataka nianze Septemba. Nilipomgusia bosi akasema nikiondoka kabla ya Machi nitalipa yeni 300,000 za gharama ya kunileta, mshahara wa mwisho hautoki, na viza yangu ataifuta. Nyumba ninayokaa iko kwa jina la shule. Paspoti yangu iko kwenye sefu ya ofisi tangu nilipoingia, alisema ni kwa usalama. Alafu kuna watoto, nikiwafikiria nalia. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Barua yako niliisoma usiku nikairudia asubuhi kwenye treni, na pole sana, najua huo uchovu unaousema. Mi nimefundisha eikaiwa miaka sita, shule mbili tofauti, na miaka hii ya karibuni nakaa kwenye chama cha wafanyakazi na walimu wanaokuja na mikataba yao mkononi, wengine wanatetemeka kabisa, na vitisho wanavyopewa ni hivihivi ulivyovitaja wewe: utalipa, hulipwi, viza naifuta, nyumba toka. Nitakujibu vyote ila si kwa mpangilio wako, maana kwenye kuacha kazi huku Japani kipi kinatangulia kipi ndio ishu yenyewe, na wewe cha kwanza si barua ya kuacha kazi. Cha kwanza ni paspoti.

Kesho ukiingia ofisini mwambie tu bosi "naomba paspoti yangu." Usieleze sababu, usitunge safari ya uongo, huhitaji. Ile paspoti ni mali ya serikali ya Kenya na wewe ndiye mwenye haki ya kuishika, na wizara ya kazi ya Japani kwenye mwongozo wake kwa waajiri wa wageni imeandika wazi kwamba wasikae na paspoti za wafanyakazi. Akisema "nitakupa wiki ijayo," mwandikie meseji jioni hiyohiyo, kwa adabu, "leo nimeomba paspoti yangu, naomba unipe kesho," ili ibaki maandishi. Siku ya tatu bado hajatoa, mpigie mtu wa chama au nenda ofisi ya ukaguzi wa kazi, inaitwa rodo kijun kantokusho, watu wanaifupisha roki, na nimeona mara nyingi simu moja tu ya kuuliza "mbona mna paspoti ya mwalimu" inafungua sefu dakika kumi. Usimtajie tena habari ya kuondoka mpaka paspoti iko kwenye begi lako. Na kadi ya ukaazi hiyo hata dakika moja usiiache popote, kisheria unatakiwa utembee nayo kila wakati.

Sasa viza, maana hiki ndicho kinachowalaza watu macho. Bosi hawezi kufuta viza yako. Hana uwezo huo, hana hata kitufe cha kubonyeza. Hadhi ya ukaazi imetolewa na idara ya uhamiaji kwako wewe, jina lako, kwa muda ulioandikwa kwenye kadi, na ukiacha kazi haifi siku hiyo. Unachotakiwa kufanya wewe ni kuwajulisha uhamiaji ndani ya siku 14 kwamba umeachana na mwajiri huyu, na ukianza kwa mwajiri mpya unawajulisha tena ndani ya siku 14. Unajaza mtandaoni, au unatuma kwa posta, au unapeleka dirishani, bure. Usiidharau hiyo fomu, kuna faini mpaka yeni 200,000, na wakati wa kuongeza muda wanaangalia kama ulijulisha. Kitu kingine cha kujua ni kwamba ukikaa miezi mitatu au zaidi bila kufanya kazi ya hadhi yako na bila sababu ya msingi wanaweza kuanza kukunyang'anya, lakini mtu anayetafuta kazi kweli na ana ushahidi wa maombi yake, hiyo inahesabika sababu. Wewe una kazi ya Septemba, kwa hiyo hapo hauko hata karibu na hatari.

Ila kwenye kazi yako mpya kuna kitu naona hakuna aliyekwambia. Shule za eikaiwa kwa kawaida zinatumia hadhi ya "utaalamu wa binadamu na huduma za kimataifa," lile jina refu la Kijapani wanalolifupisha gijinkoku. Kufundisha ndani ya shule za msingi za serikali kunataka hadhi nyingine, kyoiku, ya walimu wa shule, hata kama anayekulipa ni kampuni. Kwa hiyo angalia kadi yako saivi imeandikwa nini, alafu iulize hiyo kampuni leo, si Agosti, "nani anaandaa karatasi za kubadilisha hadhi na zinaingia lini?" Maombi yanaweza kuchukua mwezi, mwezi na nusu, hata zaidi, na unaweza kuyapeleka ukiwa bado unafanya kazi kwa bosi wa sasa. Usikubali kuambiwa "anza tu karatasi zitakuja." Ukiingia darasani kabla ya ruhusa, kosa linaandikwa kwako, kampuni itatafuta mwalimu mwingine.

Mkataba. Hapa bosi wako amejikwaa mwenyewe bila kujua. Angekuwa amekusainisha mkataba mpya wa mwaka mzima Aprili, mambo yangekuwa magumu kidogo, maana mkataba wa muda maalumu chini ya kifungu cha 628 cha sheria ya madai unavunjwa katikati kukiwa na sababu isiyoepukika, kama ugonjwa, au kutolipwa, au kunyanyaswa, au mkubaliane. (Mkataba mmoja unaozidi mwaka, ukishapita mwaka wa kwanza, unaweza kuondoka muda wowote, hiyo ni kifungu cha 137 cha sheria ya viwango vya kazi, lakini si kesi yako.) Kesi yako ni hii: mkataba uliisha, ukaendelea kufundisha, yeye anaona na hakupinga. Kifungu cha 629 kinasema hapo mnahesabiwa mmeendelea kwa masharti yaleyale, lakini kila mmoja wenu anaweza kutoa taarifa ya kuacha kwa njia ya kifungu cha 627. Na 627 ni wiki mbili. Yaani siku uliyotoa taarifa, hesabu siku 14, kazi imeisha, akubali asikubali. Hiyo "mpaka Machi" anayoisema haipo kwenye karatasi yoyote uliyosaini.

Hata hivyo mi sikushauri utumie wiki mbili. Mkataba wa zamani uangalie umesema taarifa ya muda gani, nyingi zinasema mwezi mmoja, na wewe una nafasi, leo ni Juni na kazi mpya ni Septemba. Mpe mwezi mmoja na nusu kama unaweza. Wiki mbili ni mlango wa dharura, mtu anayeshindwa kula na kulala autumie bila kujilaumu, lakini wewe bado unasimama na shule ile ina mwalimu mmoja tu.

Yeni 300,000. Kifungu cha 16 cha sheria ya viwango vya kazi kinamkataza mwajiri kupanga kabla kwamba mfanyakazi akivunja mkataba atalipa kiasi fulani. Hata kama kiliandikwa na ulisaini, hicho kipengele hakina nguvu. Kisheria anaweza kwenda mahakamani kudai hasara ya kweli, aithibitishe yeni kwa yeni, na kwa mtu aliyetoa taarifa kwa wakati na akafundisha mpaka siku ya mwisho sijawahi kuona bosi wa shule ndogo akienda huko. Isipokuwa jambo moja, nijibu kwa ukweli: je, tiketi ya ndege alikununulia kwa mkopo, mkaandikiana utalipa kidogokidogo? Deni la kweli ni deni, litalipwa. Lakini hata hilo hawezi kulikata tu kwenye mshahara kwa nguvu. Mshahara unalipwa wote, kwako moja kwa moja, na ukishaacha kazi ukaomba kilichobaki anatakiwa akulipe ndani ya siku 7 pamoja na kukurudishia vitu vyako. "Mshahara wa mwisho hautoki" ni kosa ambalo roki wanalishughulikia kila siku, na ni bure, na hali yako ya viza haiwahusu.

Sasa barua yenyewe, na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu mwenzio niliungua hapa.

Sisi watu wa pwani tukitaka kuondoka kwa mtu tunasema "naomba ruhusa," na mwenye nyumba anasema "ruhusa unayo," na kila mtu anajua kwamba hakuna anayeweza kukuzuia, ni heshima tu. Unaaga. Japani wana karatasi mbili tofauti kwa mambo hayo mawili. Taishoku negai ni ombi la kuacha kazi, na ombi bosi anaweza kulikataa au kuliweka kwenye droo. Taishoku todoke ni taarifa, inasema naacha kazi tarehe fulani, haimuulizi mtu. Wewe unaandika todoke.

Mi shule yangu ya kwanza, huko Saitama, niliaga kwa mdomo. Nilimkuta bosi kwenye jiko lao dogo nyuma ya darasa, anaosha vikombe, nikasema kwa Kijapani changu cha kubabaisha kwamba nafikiri kuacha kazi, kama inawezekana, samahani sana kwa usumbufu. Akafuta mikono, akasema "tutaongea." Nikasubiri. Wiki, mwezi, naona aibu kurudia, kila nikimkaribia ana mzazi au ana simu. Mwezi wa tatu tangu siku ile nikamwambia naondoka Ijumaa, akashangaa kabisa, akasema sijawahi kumwambia kitu, nimemtupa, na mwajiri niliyekuwa nimeahidiwa kwake alikuwa ameshachoka kunisubiri akachukua mtu mwingine. Neno langu na neno lake. Sina hata kipande cha karatasi. Ile miezi mitatu niliipoteza kwa sababu niliomba mahali pa kuaga, na niliomba kwa mdomo.

Kwa hiyo nunua karatasi nyeupe na bahasha nyeupe, zipo duka lolote la yeni 100, mbele ya bahasha zinaandikwa herufi tatu za Kijapani za taishoku todoke na nyuma jina lako. Ndani ni mistari michache: naacha kazi kwa sababu zangu binafsi, tarehe 31 Agosti ndiyo siku yangu ya mwisho, tarehe ya leo, jina, muhuri au saini. Basi. Usimwage malalamiko humo, usiandike kurasa tatu za kushukuru na kuomba radhi. Lile neno la "sababu zangu binafsi," isshinjo no tsugo, ni la kawaida ukiwa unaenda kazi nyingine kama wewe. Mtu anayeondoka kwa sababu halipwi mshahara asiliandike, maana litamponza akienda Hello Work, ofisi ya ajira ya serikali, kuomba malipo ya kukosa kazi: aliyeacha mwenyewe anasubirishwa zaidi kuliko aliyelazimika. Kabla hujampa piga picha karatasi. Mpe mkononi, alafu jioni mtumie picha ileile kwa barua pepe au LINE, ile app ya meseji, "kama nilivyokukabidhi leo."

Na akiikataa? Wapo wanaoirudishia mezani kabisa, "sipokei." Hapo unaenda posta kubwa na kuituma kwa naiyo shomei, barua ambayo posta wenyewe wanathibitisha iliandika nini na ilitumwa lini. Unapeleka nakala tatu, moja inaenda kwake, moja inabaki posta, moja unarudi nayo wewe, na unaongeza huduma ya uthibitisho wa kufika. Inatakiwa iandikwe kwa Kijapani, Kiingereza hawapokei isipokuwa majina. Nilimsindikiza kijana mmoja wa Uganda kufanya hivyo, mhudumu akahesabu herufi za kila mstari kwa ncha ya kalamu, taratibu, mstari baada ya mstari, maana idadi ya herufi ina kanuni, akamrudisha mara moja kwa mstari uliozidi. Kijana jasho linamtoka. Alipopigiwa muhuri ile nakala yake aliikunja akaiweka ndani ya kitabu cha dini mfukoni. Wiki hiyohiyo bosi akampigia kwa sauti ya upole kupanga tarehe ya kurudisha funguo.

Likizo. "Sisi ni shule ndogo hatuna likizo" si kweli, sheria haina udogo. Mtu akifanya kazi miezi sita na akahudhuria asilimia 80 ya siku zake anapata siku 10 za likizo ya malipo kwa ratiba ya kawaida ya siku tano kwa wiki, na tangu Aprili 2019 mwajiri mwenyewe anatakiwa ahakikishe mtu mwenye siku 10 ametumia angalau 5 kwa mwaka. Wewe una siku zako 10 tangu Oktoba na hujagusa hata moja. Bosi ana haki ya kusogeza tarehe ikiwa shule itayumba, lakini hawezi kuzisogeza kupita siku yako ya mwisho maana baada ya hapo wewe si mfanyakazi tena. Ukiziweka zote mwisho wa Agosti, darasa lako la mwisho linaangukia karibu na Obon, sikukuu ya katikati ya Agosti, shule nyingi zinafunga wakati huo hata hivyo, na wewe unapata nafasi ya kuhama ukiwa bado unalipwa. Ziombe kwa maandishi, siku ileile unayotoa barua au wiki inayofuata.

Zile Jumapili za vipeperushi pia ni kazi. Kaa chini uandike tarehe, kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi, nani alikutuma, tafuta meseji zake za "Jumapili stesheni saa nne." Madai ya mshahara yanaishi miaka mitatu, kwa hiyo si lazima uyapeleke leo ukiwa bado unalala nyumba yake. Mi ningesubiri nihame kwanza.

Nyumba ndio inanipa wasiwasi kuliko hayo yote. Mwaka 2007 mnyororo mkubwa kuliko wote wa eikaiwa hapa, Nova, ulianguka, maelfu ya walimu wa kigeni wakakosa mishahara, na kilichowaumiza zaidi wengine ni kwamba kodi ya nyumba walikuwa wanakatwa kwenye mshahara lakini kampuni haikuwa inamlipa mwenye nyumba, kwa hiyo mtu akakosa kazi, mshahara na mlango kwa mkupuo, kuna waliofundisha wanafunzi wao kwa kulipwa chakula. Sikutishi, shule yako haijaanguka. Nakwambia ili uone kwamba kazi na kitanda vikiwa kwa mtu mmoja, mtu huyo ana mkono mrefu sana juu yako. Kabla hujatoa barua tafuta pa kwenda. Iulize kampuni mpya kama wana nyumba au watakusaidia kwenye mdhamini. Angalia nyumba za UR, shirika la umma la nyumba za kupanga, hazitaki mdhamini wala ile pesa ya zawadi anayopewa mwenye nyumba wala pesa ya dalali, wageni wenye ukaazi wa muda wa kati au mrefu wanakubaliwa ila wataangalia kipato. Na usisahau kwamba pengine mwenye nyumba yuko tayari kubadilisha mkataba uje kwa jina lako, hilo limewahi kutokea, unauliza tu. Siku ya kuhama piga picha kila kona, tatami (ile mikeka ya sakafuni), ukuta, bafu, jiko, maana "pesa ya usafi" ni mlango mwingine wa kukata mshahara. Ukihamia mji mwingine pita ofisi ya manispaa unayotoka, na ukifika kule jiandikishe ndani ya siku 14 na kadi yako ya ukaazi mkononi.

Pesa moja ya kuiweka pembeni ni kodi ya mkazi, juminzei. Inahesabiwa kwa kipato cha mwaka uliopita na inaanza kukatwa Juni, yaani kwako ndio inaanza saivi. Ukiacha kazi kabla haijaisha inaweza kukujia bili nyumbani kwa mkupuo unaouma. Walimu wengi inawakuta hawana hata senti ya akiba. Na kwa bosi dai karatasi mbili: gensen choshuhyo, ya kodi ya mapato, anatakiwa akupe ndani ya mwezi mmoja baada ya kuacha, na cheti cha kwamba ulifanya kazi pale, taishoku shomeisho, ukikiomba hana haki ya kukunyima.

Ukiona peke yako huwezi, usibaki peke yako. Vipo vyama vinavyopokea walimu wa kigeni, kama General Union wa Osaka na Tozen wa Tokyo, na mwajiri akiitwa na chama kwenye mazungumzo hawezi kisheria kukataa bila sababu ya haki. Hata kama uko mwalimu mmoja shule nzima unaruhusiwa kujiunga.

Watoto.

Nimeacha hili mwisho kwa sababu hata mimi ndilo lililonishika miguu muda mrefu kuliko lile neno "tutaongea." Bosi atakwambia meiwaku, kwamba unaleta usumbufu, na kwa Mjapani hilo neno ni zito, na kwa sisi tuliolelewa kuambiwa mgeni asimwaibishe mwenyeji linaingia mpaka kwenye mfupa. Mi naamini watoto wana haki kwako. Lakini haki yao ni juu ya namna utakavyoondoka. Haikulazimishi ubaki. Kutafuta mwalimu mwingine ni kazi ya mwenye shule, ndiyo maana unampa wiki sita. Kazi yako wewe ni daftari. Shule yangu ya pili niliandika daftari la watoto 38, kila mtoto ukurasa: jina lake kwa katakana, herufi za Kijapani, kitabu kiko ukurasa wa ngapi, wimbo gani anaupenda, nini kinamtisha. Kulikuwa na mtoto wa miaka mitano hakuwahi kunijibu neno mwaka mzima mpaka siku nilipovaa chura wa kitambaa mkononi, akamjibu chura. Nikaandika: "huyu ongea naye kupitia chura, chura yuko droo ya pili." Mwalimu aliyekuja baada yangu alinitumia meseji Novemba, mtoto anaongea, chura ameshatoboka kidole.

Na waage. Mwombe bosi akuruhusu uwaambie wazazi wiki tatu nne kabla, wengine wanataka mwalimu atoweke kimyakimya wakiogopa wazazi watahama naye, na akikataa usibishane mbele ya watoto, ila siku ya mwisho kila darasa lipe dakika tano. Usiwachukue wanafunzi wake kwenda nao, hata mzazi akikufuata na pesa, hapo ndipo mwenye shule anaweza kupata sababu ya kweli ya kukushtaki. Bibi mmoja niliyekuwa namfundisha Jumatano asubuhi, miaka 70 na kitu, siku yangu ya mwisho alikuja na mfuko wa machenza kutoka kwenye mti wake, akayahesabu mezani kwa Kiingereza moja mpaka ishirini bila kukosea, alafu akainama, nami nikainama, tukabaki tumeinama wote wawili hakuna anayetaka kuinuka wa kwanza.

Kwa hiyo wiki hii: paspoti, alafu simu kwa kampuni mpya kuhusu hadhi na nyumba. Wiki ijayo nitumie picha ya ule mkataba wa mwaka jana, kurasa zote na nyuma pia, nione wameandika taarifa ya muda gani. Barua tutaiandika pamoja, Kijapani chake nitakikagua mimi, na utaipeleka mwanzoni mwa Julai.